Bwawa likipoa, punguza chakula cha samaki, si cha mtoto

Njombe. Ni saa moja asubuhi mwezi Julai, ukungu bado umetanda bondeni. Mama anafika bwawani na kopo la pumba, anamwaga kama anavyofanya kila siku. Mwezi Machi sato walikuwa wakipanda juu kugombania. Leo maji yametulia. Pumba inaelea, kisha inazama taratibu. Akidhani samaki hawajashiba, anaongeza kopo la pili.

Kwa familia nyingi zenye bwawa katika maeneo ya baridi, hasara huanzia kwenye kopo hilo la pili.

Na hasara yenyewe si ya samaki tu. Utafiti wa kitaifa wa afya na viashiria vya malaria wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto watatu kati ya 10 walio chini ya miaka mitano nchini Tanzania wamedumaa. Iringa ni zaidi ya nusu na Njombe ni takriban nusu, ingawa mikoa hiyo inasifika kwa mavuno mengi ya mahindi na viazi. Tumbo la mtoto linaweza kujaa ugali huku mwili ukikosa protini na madini. Bwawa la nyuma ya nyumba ni moja ya njia za kuziba pengo hilo, ilimradi livuke salama baridi ya Juni hadi Agosti.

Kwa nini samaki wanakataa kula?

Samaki hatengenezi joto lake kama binadamu. Mwili wake hufuata joto la maji. Sato hukua vizuri maji yakiwa kati ya nyuzi joto 25 na 30. Yakishuka chini ya 20, hamu ya kula hupungua na chakula huchelewa kusagwa tumboni. Yakikaribia 16, wengi huacha kula kabisa, na yakishuka hadi nyuzi 10 au 12 wanaweza kufa.

Kwa hiyo samaki anayesusa chakula Julai si lazima awe mgonjwa. Tatizo ni kile kinachobaki. Chakula kisicholiwa huoza chini ya bwawa, humaliza hewa ya oksijeni majini na kuzalisha amonia, ambayo ni sumu kwa samaki. Samaki aliyedhoofishwa na baridi hashindani na hali hiyo.

Lisha kwa jua, si kwa mazoea

Hatua ya kwanza ni kubadili saa. Badala ya asubuhi, lisha kati ya saa sita na saa tisa mchana, maji yakiwa yamepata jua. Siku ya mawingu na mvua, unaweza kuacha.

Hatua ya pili ni kupunguza kiasi. Chukua mfano wa bwawa lenye sato 200 wenye wastani wa gramu 100 kila mmoja, yaani kilo 20 za samaki. Wakati wa joto, chakula cha asilimia tatu ya uzito huo ni gramu 600 kwa siku. Maji yakishuka chini ya nyuzi 20, asilimia moja, yaani gramu 200, inatosha. Yakifika 16, simamisha.

Kipimajoto cha maji kinasaidia sana. Kile cha kupimia homa ya mtoto hakifai, kwa kuwa kimetengenezwa kwa joto la mwili. Kama huna, tumia macho: tupia kidogo, subiri dakika 10 hadi 15. Kikibaki, umezidisha.

Punguza pia samadi. Usiku funga maji ya mto yanayoingia bwawani, kwani mara nyingi huwa ya baridi zaidi. Lakini ukiwaona samaki wanahema juu ya maji alfajiri, acha kulisha na ongeza maji safi mara moja.

Ndoana badala ya wavu

Kukokota wavu wakati wa baridi huwachubua samaki, na kwenye michubuko huota ukungu mweupe kama pamba. Kwa kitoweo cha siku moja, ndoana inatosha. Tumia ndoana ndogo na kipande kidogo cha nyungunyungu, kwa sababu samaki aliyepoa hudonoa tu, hamezi chambo kikubwa. Tega mchana, upande wenye jua.

Kazi hiyo isiachwe kwa watoto peke yao. Bwawa lizungushiwe uzio, na mtoto mdogo asilikaribie bila mtu mzima.

Sahani ya mtoto isisubiri Septemba

Njia bora ni kujiandaa mapema. Mwezi Mei, kabla baridi haijakolea, vua samaki waliofikia ukubwa wa kuliwa. Bwawa linapungua msongamano, na nyumbani panapatikana akiba. Wapasue, wasafishe, wakaushe vizuri kwa moshi au jua, kisha wahifadhi kwenye chombo kikavu chenye mfuniko.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtoto wa miezi sita hadi 23 ale kila siku chakula kitokanacho na wanyama, kama nyama, samaki au mayai. Samaki mkavu anaweza kutwangwa, akachekechwa kuondoa miiba na kuchanganywa kwenye uji au mboga wakati wa kupika. Kwa samaki mbichi, mpike aive na uchambue miiba kwa vidole kabla ya kumponda.

Samaki aliyekutwa amekufa bwawani asiliwe. Mfukie mbali na maji na umwite afisa uvuvi wa eneo lako.

Jua la Septemba likirudi, sato wataanza kupanda juu tena. Ongeza chakula kidogo kidogo, kwa kadiri wanavyokimaliza.