SIKILIZA SWICHI INASEMA NINI

Hebu jichunguze kidogo. Mwalimu anapoandika ubaoni, mkono wako hufanya nini? Wengi wetu hubonyeza kalamu, ta-ta-ta, mpaka jirani akasirike. Ukipanda matatu yenye kengele kutoka Ruiru kwenda Thika, kidole kinawasha hata kabla ya steji yako kufika. Ukipewa rimoti au kikokotoo, unabonyeza tu ingawa huna hesabu ya kufanya. Usione haya, hauko peke yako. Leo ningependa kueleza kwa nini vidole hupenda mchezo huu, na jinsi mlio mdogo wa swichi ulivyotuepusha na hatari nyumbani kwetu.

Tuanze na swichi ya ukutani. Ndani yake mna springi ndogo. Unapoanza kusukuma, springi inakataa, inajikaza. Ukipita katikati inashindwa, na papo hapo inakirusha upande wa pili kile kibati kinachopitisha stima. Ta! Kidole kimeshindana na kitu kikashinda, na jibu limekuja mara moja: kidoleni, sikioni, na machoni taa ikiwaka. Raha yote iko hapo. Kitu kisichojibu hakina utamu. Jaribu kubonyeza meza uone.

Rimoti na kikokotoo vina ujanja mwingine. Chini ya kitufe kuna mpira uliofinyangwa kama bakuli lililopinduliwa. Ukibonyeza, bakuli linabonyea ghafla, na kipande cheusi cha kaboni kilicho ndani kinaunganisha njia mbili za umeme zilizochorwa kwenye kibao. Ukiachilia, mpira unarudi. Aidha, ukiwa na simu ya kabambe, papasa kitufe cha 5. Utakuta kinundu kidogo, kimewekwa ili kidole kijue kilipo bila ya macho.

Lakini springi ya swichi haikuwekwa ili kutufurahisha, la hasha. Stima ya nyumbani hapa Kenya ni volti 240. Vibati viwili vikiachana polepole, stima haikubali kuachwa. Inaruka hewani ikawa cheche yenye joto kali, na cheche hiyo hula chuma. Ndiyo sababu mwaka wa 1884 Mwingereza John Henry Holmes, wa mji wa Newcastle, alibuni swichi inayoachanisha vibati kwa haraka, ili cheche ife mapema. Kumbe utamu wa kidole na usalama wa nyumba ni springi ile ile!

Haya nilifundishwa na Shosho mmoja, jirani yetu katika ploti tunayokaa Ruiru. Shosho haoni. Alisomea shule ya wasioona ya Thika, iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka wa 1946. Hupenda kunisimulia juu ya mashine ya breli, yenye vitufe sita vya nukta na kimoja cha nafasi. Vitufe vya herufi moja hubonyezwa kwa pamoja. "Kidole kimoja kikilala," husema, "umeandika herufi nyingine."

Jioni moja wakati wa likizo alikuwa kwetu akinywa chai. Mimi nilikuwa mlangoni nikichezea swichi, washa, zima, washa, zima. Mara akasema, "Mjukuu wangu, swichi hiyo ni mgonjwa."

Nikacheka. "Lakini taa inawaka, Shosho."

"Inawaka, ndiyo. Lakini zamani ilikuwa inasema ta. Siku hizi inanong'ona. Hujasikia?"

Nikasikiliza. Wee! Kweli ilikuwa ikitoa sauti kama ya mafuta kwenye kikaango. Nikakumbuka kwamba siku kadhaa nilikuwa nimehisi kifuniko chake kina joto, nikanyamaza. Tena ndugu yangu wa miaka minne alikuwa ameshauiga mchezo wangu, anapanda kiti anabonyeza kama mimi.

Mama alimwendea mwenye ploti, akaambiwa angoje mwisho wa mwezi. Hakungoja. Alimwita fundi kwa pesa zake za sokoni. Fundi alizima swichi kuu kwanza, kisha akafungua. Springi ilikuwa imelegea, vibati vimeungua vikawa vyeusi, na plastiki ya ndani imeanza kuyeyuka. Akauliza, "Nani amekuwa akiichezea hii?" Nilitazama chini. Ndugu yangu alininyooshea kidole.

Wenzangu, wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Swichi iliyolegea, inayonong'ona, yenye joto au harufu ya kuungua, imekwisha kukuambia. Usiifungue wewe. Iache, mwambie mtu mzima azime swichi kuu, na fundi aitwe. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wenyewe huenda ukawa umeshika moto.

Vidole vyangu bado vinapenda kubonyeza, siwezi kuwadanganya. Siku hizi navipa kalamu, tena si darasani. Na kila ninapozima taa usiku husimama kidogo nikasikiliza. Ikisema ta, ninalala.