Kuuliza Mara Moja Hakutoshi

Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Methali hiyo hunijia kila ninapoikumbuka Balaclava, filamu ya Uingereza iliyoongozwa na Maurice Elvey mwaka 1928, enzi ya sinema bubu, kisha ikatolewa tena na sauti mwaka 1930.

Kiini chake ni pigano la tarehe 25 Oktoba 1854 katika vita vya Krimea. Jemadari mkuu Raglan, akiwa juu ya kilima, alidhani Warusi wanaondoa mizinga waliyoiteka, akaamuru wapanda farasi wawazuie. Amri iliandikwa kwa haraka, ikapelekwa na Kapteni Nolan kwa Lucan, aliyekuwa chini bondeni. Kutoka pale mizinga hiyo haikuonekana. Lucan aliuliza ni mizinga ipi. Nolan akanyosha mkono tu kwa jeuri. Lucan hakuuliza tena. Wapanda farasi wapatao 670 wakaingia bonde lililozungukwa na mizinga mingine kabisa, na zaidi ya mia moja wakafa. Mwaka uo huo mshairi Tennyson aliusifu utiifu wao.

Mimi ni mwalimu hapa Lodwar, na sifa hizo hunitia wasiwasi. Baadhi ya wanafunzi wangu hutoka Todonyang, mpakani mwa Ethiopia, ambako Waturkana na Wadassanech, tuwaitao Wamerille, hugombea malisho na samaki wa Ziwa Turkana. Mei 2011 Waturkana wengi waliuawa pande hizo. Februari 2025 wavuvi walishambuliwa. Penye majeraha kama hayo, neno moja latosha kuwasha moto.

Siku moja mwanafunzi alikuja kuniaga. Mbuzi wa baba yake wametekwa, naye anaitwa nyumbani. Nilijua anaitiwa nini.

"Nani amekuambia?"

"Dereva wa lori, mwalimu."

"Naye ameambiwa na nani?"

Hakujua. Nilimsihi angoje siku mbili. Alikasirika, akasema wenzake watamwita mwoga, lakini alingoja. Siku ya pili habari ikaja: mbuzi walipotea tu, na wameonekana.

Walimu wenzangu, tunawafunza watoto kutii, nasi twafanya vyema. Hata hivyo, tusimwadhibu mwanafunzi anayeuliza mara ya pili. Nanyi wanafunzi, mkipokea neno la kuwapeleka vitani, ulizeni limetoka wapi, na msipojibiwa, ulizeni tena.