Je, Wajua? Vita Vilivyosahauliwa Kabla Havijaisha

Je, wajua kwamba Vita vya Korea vilipewa jina la "vita vilivyosahauliwa" wakati risasi bado zinarindima? Jarida moja la Marekani lilichapa maneno hayo Oktoba 1951, mwaka mmoja na ushei tangu mapigano yaanze. Mstari wa mbele ulikuwa umeganda, na wasomaji waliotoka kwenye Vita Vikuu vya Pili miaka sita tu nyuma walikwisha kuchoka na habari za vilima vinavyotekwa leo na kupotea kesho. Mapigano yalisimamishwa tarehe 27 Julai 1953, lakini mkataba wa amani haujatiwa saini mpaka leo. Wakorea waliotenganishwa na ndugu zao na mpaka wa Kaskazini na Kusini hawajasahau chochote. Aliyesahau ni msomaji wa mbali.

Hata Ethiopia ilipigana huko Korea. Mfalme Haile Selassie alipeleka vikosi vya Kagnew, askari zaidi ya 3,000 kwa zamu, na hakuna hata mmoja wao aliyechukuliwa mateka.

Huku kwetu Afrika Mashariki, vita vya 1914 hadi 1918 kati ya Waingereza na Wajerumani navyo vilisahauliwa, vikafunikwa na vile vya mahandaki ya Ufaransa. Hata mwisho wake ulichelewa: Jenerali wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, aliweka silaha chini huko Abercorn, mji unaoitwa sasa Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza. Jenerali huyo ameandikiwa vitabu tele. Waliobeba mizigo ya vita hivyo ndio waliokosa wa kuwaandika.

Je, wajua kwa nini wapagazi hao walihitajika kwa wingi? Mbung'o. Farasi, nyumbu na maksai walikufa kwa ugonjwa wa nagana, barabara za magari zilikuwa chache, na reli haikufika kila mahali. Basi risasi, unga na hata vipande vya mizinga vikapanda vichwani mwa watu. Hesabu yake ilikuwa ya ajabu: mpagazi naye anakula, kwa hiyo kadiri safari inavyorefuka ndivyo chakula anachobeba kinavyoishia tumboni mwake na mwa wenzake, na wapagazi wengine wanatakiwa ili kuwalisha wapagazi. Upande wa Waingereza pekee walitumika karibu watu milioni moja. Wengi walichukuliwa kwa nguvu, wakalishwa unga wa mahindi usiopikwa vizuri, tena wengine hawakuuzoea. Kuhara, malaria na numonia viliua wengi wao kuliko risasi. Makadirio ya waliokufa yanafika karibu 100,000, na Wajerumani kwa upande wao hawakujishughulisha kuwahesabu wapagazi wao.

Kwamba majina ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni kumbukumbu ya kikosi cha wapagazi wa Waingereza, wengi wanajua. Lisilojulikana sana ni hili: baada ya vita Waingereza waliamua kwamba Mzungu apewe kaburi lenye jina, na Mwafrika apewe sanamu ya pamoja. Ndipo Sanamu ya Askari ikasimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927. Ni sanamu nzuri, sikatai, lakini haina jina la mtu hata mmoja. Makaburi mengi ya wapagazi yaliachwa makusudi yamezwe na pori. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na huenda wakafika 350,000. Serikali ya Uingereza ikaomba radhi bungeni. Kwa hiyo "kusahau" huko kulipitia ofisini, kukaamuliwa.

Na askari Waafrika waliompigania Mjerumani? Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi lilikubali kuwalipa malimbikizo ya mishahara waliokuwa bado hai. Inasimuliwa kwamba wazee walipokusanyika Mwanza, wachache tu walikuwa na vyeti vya kuthibitisha utumishi wao. Wengine walileta vipande vya sare kuukuu. Ili kuwapima, aliyeleta fedha akampa kila mzee ufagio, akamwamuru kwa Kijerumani autumie kama bunduki: bega! saluti! Hakuna aliyekosea.