Namna moto unavyopanga atomu za silisiumu

Katika telefone nyingi za siku hizi, nyuma ya kioo kinachoonyesha picha, muna ngozi ya silisiumu nyembamba kabisa. Unene wake ni nanometre 50 hivi: ukipanga ngozi 20,000 moja juu ya ingine, utapata milimetre moja tu.

Silisiumu inatoka katika muchanga. Haipitishi umeme vizuri kama shaba, wala haiukatazi kabisa kama kioo, iko katikati. (Jermaniumu, ambayo inapatikana hata katika mawe ya Kipushi kule Katanga, ni ndugu yake.) Wafundi wanaishusha juu ya kioo kwa njia ya gazi. Atomu zinaanguka ovyo na kushikamana pale zilipoangukia, sawa watu katika soko. Kila atomu inataka majirani 4, lakini zingine zinakosa mumoja, na mukono wao unabaki mutupu. Elektroni zinanaswa humo. Mu mwaka wa 1979, wenye elimu wa Dundee, katika Scotland, walionyesha kwamba hata silisiumu ya namna hiyo inafaa kwa kutengeneza transista, lakini zile transista zilikuwa za polepole. Katika kristali, ambamo atomu zimepangwa kwa mistari, elektroni zinapita vepesi mara mia na zaidi.

Basi, moto unafanya nini? Unatikisa atomu. Vifungo vibaya vinakatika, atomu zinahama kidogo, na pale zinapopata mupango muzuri zinatulia. Hapo panazaliwa mbegu ya kristali, na majirani wanajiunga nayo. Silisiumu inayeyuka kwa degre 1414, lakini si lazima iyeyuke: kwa degre 600 inajipanga yenyewe, ingawa inaomba saa nyingi. Shida ni kioo cha chini. Kioo cha kawaida kinalegea mbele ya kufika huko.

Kwa hiyo wafundi wanatumia lazeri. Mwanga wake, wa nanometre 308, haupiti silisiumu; unamezwa wote juu, na kila pigo linadumu makumi ya nanosekonde tu. Silisiumu inayeyuka na kuganda tena mbele kioo hakijapata moto mwingi. Kwa maoni yangu, kipimo cha hilo pigo ndicho kinachoomba akili kuliko yote. Likiwa zaifu, sehemu ya juu peke yake inayeyuka, na kristali zinabaki ndogo. Likiwa kali sana, yote inayeyuka, hakuna mbegu inayobaki, na kristali zinazaliwa nyingi kwa mara moja, ndogo vilevile. Lazima karibu yote iyeyuke, mbegu chache zibaki chini. Hizo zinapata nafasi ya kukua. Tena, mbele ya lazeri lazima kutoa hidrojeni iliyofichwa ndani kwa kupasha ngozi moto wa degre 400 na zaidi. Pasipo hivyo inatoka kwa nguvu na kupasua ngozi.

Mionzi X inaonyesha kama kazi imefaulu: ngozi isiyopangwa inatoa alama pana, kama ukungu, kristali zinatoa mistari myembamba, na kadiri kristali zinavyokua, mistari inazidi kuwa myembamba.

Lakini mipaka kati ya kristali inabaki, na elektroni zinajikwaa hapo. Tena si rahisi kupiga lazeri sawasawa juu ya kioo kipana. Ndiyo maana vioo vikubwa vya televizyo, mara nyingi, havitengenezwi kwa njia hii.