Uwanja Hutunzwa Kama Kibanja

Novemba 7, 2022, watu wa Bukoba, mkoani Kagera, walifurika Uwanja wa Kaitaba, na siku hiyo hapakuwa na mechi. Walikuja kuwaaga watu 19 waliofariki jana yake, ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria ikikaribia kutua. Miaka sita kabla, baada ya tetemeko la Septemba 10, 2016, mji ulikusanyika katika uwanja huohuo kuaga marehemu wake.

Anayechora uwanja huchora magoli, vyumba vya wachezaji na jukwaa. Msiba haumo kwenye mchoro. Lakini mji ukipata pigo, watu huelekea pale penye nafasi ya wote, na hapo ndipo tunapojua kama kivuli kinawatosha wazee, kama choo kina maji, kama lango linapitisha umati bila kusukumana.

Kaitaba ni mali ya Manispaa, nao umetufundisha mengi. Ulipofungwa ili uwekwe nyasi bandia kwa msaada wa FIFA, timu ya soka ya Kagera Sugar ilihamia viwanja vya ugenini: Mwanza, Shinyanga, Tabora. Timu ilibeba gharama zake za safari. Mama lishe na bodaboda waliozoea kuuza na kubeba siku za mechi, hasara yao haikuwa na fungu popote.

Ndiyo maana halmashauri inapotaka kujenga jukwaa jipya, mimi huanza kuuliza yasiyoandikwa. Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka. Mwaka wa fedha huanza Julai, lakini fedha za mradi zikichelewa hadi Machi, msingi unachimbwa masika na mafundi wanashinda wakichota maji. Wilaya ya Muleba, mkoani humuhumu, nayo ina visiwa, Bumbire na Ikuza miongoni mwao. Mfuko wa saruji hupakiwa kwenye mtumbwi, hupakuliwa, kisha hupandishwa kilima begani. Makadirio yaliyopigwa kwa bei ya mjini hayafiki huko. Jengo husimama kwenye linta, na wananchi waliojitolea kusomba mawe na mchanga hukata tamaa.

Hata likikamilika, kazi bado. Jumamosi moja wilayani Muleba nilijibanza kukwepa mvua chini ya paa la banda la michezo ambalo halikuwa na umri mkubwa. Mfereji wa paa ulikuwa umezibwa na majani, maji yakitiririka ukutani, na rangi ilikwisha kubanduka. Vyumba vya kubadilishia nguo vilikuwa na kufuli. Ufunguo ulikuwa ofisini, na ofisi hufungwa Ijumaa. Wasichana wa netiboli walikuwa nyuma ya migomba, wawili wameshika kanga, wa tatu anavaa jezi. Vyumba vyao vilikuwa hatua 20 kutoka pale.

Tofali halikuwa na kosa. Fundi alijenga, kamati ya mapokezi ilihesabu mabati, utepe ulikatwa. Ila katika kurasa zote za mradi hapakuwa na jina la mtu wa kushika ufunguo Jumamosi, wala shilingi ya kumlipa anayezibua mfereji. Ningetamani wale wasichana wangekuwamo kwenye kamati ya ujenzi tangu kikao cha kwanza. Swali la ufunguo lingekuwa la kwanza kuulizwa.

Sisi watu wa Kagera tunalijua jambo hili kuliko wataalamu wengi. Kibanja, shamba la migomba la nyumbani, hakikabidhiwi kikaachwa. Kila mwaka nyasi hukatwa kwenye rweya, yaani eneo la nyasi, zikatandazwa chini ya migomba, samadi huletwa, majani makavu hupogolewa. Bibi aliyekipanda anaweza kuwa marehemu zamani, na ndizi zinaendelea kuliwa kwa sababu kila kizazi kina mtu aliyeachiwa panga na jembe. Jukwaa letu nalo liwe na mtu huyo, atajwe kwa jina na alipwe, kabla jiwe la msingi halijawekwa.