Mwenye Mashine na Mwenye Tanga: Adabu ya Njia Baharini

Kitenzi "bisha" ni kimojawapo cha vitenzi vinavyonipa furaha kila nifikapo kwenye somo la maana. Mtu hubisha mlangoni akapiga hodi. Mtu hubisha pia pale anapokataa kauli ya mwenziwe. Maana hizo mbili mwanafunzi wa bara huja nazo chuoni. Ya tatu mara nyingi humbidi aletewe na mwenzake wa Pwani, nayo ni kukiendesha chombo cha tanga kwa mshazari, mara kwa upande huu, mara kwa upande ule, ili kifike kule upepo unakotoka. Ajabu ni kwamba maana zote tatu hukutana katika jambo moja dogo ambalo nataka tulizungumze leo, yaani haki ya chombo kinachokwenda pole mbele ya chombo kinachokwenda mbio.

Mwaka 2019, katika mwezi wa Agosti, kusi ikivuma kwa nguvu zake, nilikuwa Lamu pamoja na wanafunzi wanne tukikusanya msamiati wa ubaharia. Msamiati wa namna hiyo haukusanywi gatini. Ukimwuliza nahodha aliyeketi barazani maana ya demani na goshi, atakupa jibu la adabu, fupi, la kukuridhisha uende zako. Ukiwa naye chomboni atakutajia yote bila ya kuulizwa, tena kwa sauti, kwa kuwa umekalia kamba anayoihitaji. Basi tuliomba nafasi katika mashua iliyokuwa ikichukua mawe ya kujengea kutoka kisiwa cha Manda kwenda Shela. Wajuao mashua za mawe wanajua hali yake: chombo hulala majini hata ukingo ukabaki shibiri chache tu juu ya maji, na baharia mmoja kazi yake ni kukumba maji ya ngama kwa upo, tangu kung'oa nanga hadi kufika.

Tulikuwa tukibisha. Katikati ya mlango wa bahari, kati ya Manda na Amu, ilitutokea kwa nyuma boti ya mashine, ya rangi nyeupe, imebeba wageni na mabegi yao kutoka uwanja wa ndege ulioko Manda. Ilikuwa ikija kwa kasi, omo imeinuka. Ilipotukaribia, kiasi cha urefu wa mashua mbili hivi, dereva wake alipunguza mwendo kidogo, akatupita ubavuni, akatupungia mkono huku akitabasamu, kisha akaongeza mwendo, akenda zake. Kijana mmoja miongoni mwa wanafunzi wangu alimjibu kwa kupunga pia. Mkono wake ulikuwa bado uko hewani wimbi la kwanza lilipotufikia.

Nahodha wetu hakuwa na wakati wa kupunga. Aliusukuma usukani, akaigeuza omo ili tuyapokee mawimbi kwa mbele wala si kwa ubavu, tanga likapoteza upepo, likawa linapigapiga, na chombo kikaenda mrama kwa maana halisi ya neno hilo, si ile ya magazetini tunaposema mambo ya chama fulani yamekwenda mrama. Maji yaliingia kwa pande zote mbili. Tulikumba kwa upo, kwa sufuria, na mimi, daktari wa isimu, kwa kiatu. Mkondo nao ukaturudisha nyuma sehemu kubwa ya njia tuliyokuwa tumeipata kwa taabu ya saa nzima.

Hayo yalikuwa yetu sisi tuliokuwa na nahodha hodari. Jirani yetu palikuwa na mzee katika mtumbwi, ametia nanga anavua kwa mshipi. Mtumbwi wake ulijaa maji. Tenga lake la samaki lilielea kidogo, likapinduka, likazama. Yeye alishikilia ukingo hadi maji yalipotulia, akaanza kukumba polepole, bila ya neno lolote la hasira. Tulimwokotea kafi lake lililokuwa likichukuliwa na maji, tukamrudishia.

Jioni nilimkuta dereva yule gatini. Nilikwenda nimejaa maneno, na nilikuwa nimeyapanga. Akanitangulia kwa salamu, kisha akaniambia, "Mwalimu, si nyinyi niliowapita leo? Niliwaona, nikapunguza." Aliyasema hayo kwa uso mkunjufu kabisa, mfano wa mtu anayengoja kushukuriwa. Papo hapo nilitambua kwamba sikuwa nikizungumza na mtu jeuri. Nilikuwa nikizungumza na mtu aliyetenda alichodhani ni adabu, na adabu yake ndiyo iliyozamisha tenga la mzee.

Hapa yafaa walimu wa fizikia wanisaidie, maana mimi nimeazima tu ilimu yao. Kila chombo kiendacho juu ya maji huburura nyuma yake mawimbi yaliyopangika kwa umbo la kabari. Mwanasayansi William Thomson, aliyekuja kujulikana zaidi kwa cheo cha Lord Kelvin, alionyesha mwaka 1887 kwamba katika maji ya kina, kabari hiyo hutanuka nyuzi 19 na nusu hivi kila upande. Mwendo wa wimbi nao hufungamana na urefu wake, na wimbi refu huenda mbio zaidi. Kwa hiyo chombo cha urefu wa mita 9 kikifika mwendo wa kilomita 13 hivi kwa saa, huwa kimejiumbia wimbi lenye urefu sawa na wake, nacho kinalipanda kama apandaye kilima asichoweza kukimaliza, kwa kuwa kilima kinakwenda naye. Boti nyepesi yenye mashine ya nguvu hukikwea kilima hicho, ikapaa, ikateleza juu ya maji. Na ikiisha kupaa, mawimbi yake hupungua. Wimbi kubwa kuliko yote hutoka kati ya hali hizo mbili, tezi ikiwa imezama na omo ikitazama mbinguni.

Bila shaka msomaji amekwisha kuona lilipo kosa. Dereva wetu alikuja amepaa, akapunguza nusu, tena karibu yetu mno, boti ikaketi kitako, ikachimba shimo majini, na shimo hilo ndilo lililotufikia. Kupunguza kwa kweli ni kupunguza mapema, mbali na chombo unachotaka kukipita, hadi boti ilale sawasawa juu ya maji na mawimbi yake yenyewe yaishe kuipita. Kisha kupita polepole, na kutoongeza moto mpaka umekwisha kuwa mbali. Kazi hiyo huchukua dakika chache.

Dereva alinisikiliza, lakini aliuliza swali la haki. Dakika chache kwa kila mashua, kila mtumbwi, kila dau, kwa siku nzima, ni nani azilipe? Yeye hulipwa kwa safari, na ndege haimngoji mtu. Sikuwa na jibu la fedha. Nilikuwa na jibu la chuoni, nalo sijui kama lilimtosha.

Mtoto wa Kiislamu wa Pwani hufunzwa mapema utaratibu wa salamu. Aliyepanda mnyama humwanzia salamu aendaye kwa miguu, na aendaye kwa miguu humwanzia aliyeketi. Utaratibu huu haumpimi mtu kwa mali wala kwa umri pekee. Unatazama ni nani aliye katika mwendo na ni nani aliye katika utulivu, kisha unamtwika mzigo yule mwenye mwendo. Sababu yake haihitaji tafsiri ndefu. Mwenye kasi ndiye anayeweza kudhuru, ndiye anayeingia katika nafasi ya mwenziwe, basi na abishe hodi yeye. Baharini hodi haibishwi kwa mkono unaopungwa, kwa kuwa mkono haufiki chini ya maji.

Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini, zilizokubaliwa mwaka 1972 na kuanza kutumika mwaka 1977, zinafuata fikra hiyo hiyo. Kanuni ya 13 inamtaka anayempita mwenzake kwa nyuma ndiye amwepuke anayepitwa, hata kama apitaye ni tanga na apitwaye ni mashine. Kanuni ya 18 inaagiza vyombo vya mashine, kwa kawaida, viviepuke vyombo vya tanga. Lakini kanuni hizo zinazungumzia kugongana. Wimbi la chombo kipitacho halikutajwa kwa jina. Limeachwa ndani ya maneno ya jumla kuhusu mwendo wa salama na tahadhari zinazopasa mabaharia. Dereva yule hakutugonga. Kwa hesabu ya kanuni, mtu asiyependa taabu angeweza kudai kwamba hakuvunja chochote.

Nashuku kwamba pengo hilo limo pia katika lugha yetu, na hapa nasema kama mtu wa fani yangu. Kwa maji yanayobaki nyuma ya chombo tuna "mkondo", neno ambalo tayari lina mzigo wake wa maji yaendayo na hewa ipitayo. Nilipomwuliza nahodha wetu yeye huliitaje wimbi la boti, alinijibu kwamba hilo si wimbi, wimbi lina upepo wake. Nilimsukuma kidogo anipe jina, kwa kuwa daftari lilikuwa wazi. Akasema, "Hilo ni la mtu." Sikuliandika katika orodha, maana si istilahi, nami nimejuta.

Wenzetu wa Venice wanalo neno. Wao husema "moto ondoso", yaani msukosuko wa mawimbi yaletwayo na mashine, na neno hilo huandikwa katika amri za mji na katika mabango ya waandamanaji. Mwaka 1975 waliopenda makasia walianzisha msafara wao wa Vogalonga kwa nia ya kuyapinga mawimbi hayo, yanayokula misingi ya majumba na kuwataabisha wapiga makasia, na msafara huo uliendelea kufanywa kwa miongo mingi. Mji huo una mipaka ya mwendo, na bado watu wake wananung'unika. Sitaki kudai kwamba neno pekee huokoa mtumbwi.

Wala sitaki wenye tanga wadhaniwe malaika. Kanuni ya 9 inavikataza vyombo vya tanga, na vyombo vyenye urefu usiofika mita 20, kuizuia meli isiyoweza kupita salama ila ndani ya mlango mwembamba. Tangu gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lifunguliwe Mei 2021, jambo hilo si la vitabuni tena. Aidha anayepitwa naye ana wajibu: ashike njia yake na mwendo wake, asimyumbie mwenziwe ghafla. Na chombo kidogo mno cha tanga, kisichofika mita 7, kisipoweza kubeba taa za kawaida, sharti kiwe na tochi au taa ya kuonyeshwa kwa wakati. Nimesafiri usiku katika mashua isiyo na hata kiberiti, na nahodha akanihakikishia kwamba kila mtu anamjua.

Walimu wa visiwani, hasa wa Amu, Manda na Pate, wanayo madarasa yaliyojaa wana wa manahodha na wana wa madereva wa boti, wameketi dawati moja. Somo la mawimbi limo katika fizikia, na mfano wake unapita mbele ya dirisha. Beseni la maji na kipande cha ubao vyatosha kuanzia. Mwalimu wa Kiswahili naye aombe insha kutoka kwa aliyepitwa, kisha aombe nyingine kutoka kwa aliyepita.

Dereva yule, kabla hatujaagana, aliniuliza habari za mzee wa mtumbwi. Nilimweleza kuhusu tenga na samaki. Alinyamaza kitambo, akauliza, "Mzee gani huyo? Anaitwa nani?" Nilifungua daftari nikaangalia. Yalikuwemo maneno arobaini na kitu ya ubaharia, tena mawili yalitoka kinywani mwa mzee yuleyule tulipokuwa tukimrudishia kafi lake. Jina lake sikuwa nimemwuliza.