Kampuni Haifungwi, Lakini Mkurugenzi Je?

Niko Muthara, Meru, kumjulia hali binamu yangu aliyeanguka kutoka jukwaa la mbao kwenye mjengo. Mguu umevunjika mara mbili. Msimamizi alimletea bahasha, akamwambia, "Kosa ni la kampuni, na kampuni haifungwi."

Kweli haifungwi. Ila Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 haikuishia hapo. Ikithibitishwa kwamba mkurugenzi au meneja aliridhia kosa hilo, au lilitokana na uzembe wake, naye ana hatia. Mtu akifa au akiumia kwa sababu sheria ilivunjwa, adhabu hufika faini ya shilingi milioni 1 au kifungo cha miezi 12. (Kwa roho ya mtu, naiona ndogo.)

Bwawa la Solai, Nakuru, lilipopasuka Mei 2018, mwenye shamba na meneja wake walishtakiwa wao wenyewe, kwa kuua bila kukusudia.

Ugumu ni ushahidi. Nikamwuliza binamu: kuna aliyelalamikia jukwaa lile mapema? Yupo. Mwenzake alimtumia meneja picha kwa simu, wiki moja kabla. Bahasha haifuti picha hiyo. Kesho tunaipeleka kwa maafisa wa usalama kazini.